Bango la Muhuri Bado Lipo Getini

Jibu lilikuja kabla skana haijapoa. Josephina alikuwa bado amesimama mezani kwangu, anarudisha vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, simu ikalia ndani ya mkoba. Akaitoa, akatabasamu. "Da Tatu, wamejibu! Leo wana haraka hawa." Watu waliokuwa wanasubiri fotokopi wakageuka, na mama mmoja akaanza kumpa hongera kabisa. Halafu nikaliona tabasamu linamganda usoni.

"Wanasemaje?" nikamuuliza.

"Wanasema wamepitia maombi yangu kwa makini, na sina uzoefu unaohitajika."

Josephina ni mkalimani. Watu wanaoshuka kwenye maboti pale Kibirizi, wengine wanasema Kirundi, wengine Kibembe, wengine Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa ambacho ofisa aliyetoka mikoa ya mbali hakielewi. Yeye ndiye alikuwa anasimama katikati yao na ofisi ya shirika linalowapokea. Kazi hiyo ameifanya tangu mwanawe mkubwa yuko mgongoni, na sasa huyo mtoto anasoma sekondari. Mradi ukaisha, ukarudi na jina jipya na rangi mpya kwenye magari, wafanyakazi wote wakaambiwa waombe upya kwenye mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo aliomba kazi yake mwenyewe, kwenye ofisi yake mwenyewe, akaambiwa hana uzoefu nayo.

"Amepitia nani kwa makini?" nikasema. "Karatasi yako bado imo kwenye skana."

Aliifunga bahasha, akaniuliza kama namdai, akatoka. Niliacha foleni nikabaki nimesimama kama mtu aliyepigwa kibao na mtu asiyemwona.

Kibanda sasa nimekifunga. Macho yamechoka, mgongo nao umekataa kiti. Lakini Ujiji bado kuna steshenari nyingi, na ninyi mliobaki mnaendelea kuandika CV kama nilivyokuwa naandika mimi, kwa hiyo afadhali niwaambie nilivyoingia kwenye kazi hii, na nani ametufanyia nini. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Mtakaoona herufi zimekosewa, mnisamehe, mimi nilizoea kuandika ya wengine.

Nilianza kwa Mzee Rajabu, mpiga chapa, aliyekuwa na taipureta moja barazani kwake karibu na soko. Shangazi alinipeleka baada ya kuona nimeshinda nyumbani na madumu ya mawese bila mpango. Nilidhani siku ya kwanza nitaonyeshwa pa kuweka vidole. Mzee akaisogeza mashine mbali, akaniambia, "Kaa hapo usikilize."

Akaja kijana anataka kuomba kazi bandarini. Mzee akamuuliza, "Unafanya nini wewe?"

"Mimi ni kibarua tu, mzee."

"Sikukuuliza cheo. Ukiamka asubuhi mpaka ukirudi nyumbani, unafanya nini?"

Kijana akaanza. Anapokea mizigo, anahesabu magunia, anagombana na makarani wa meli, anafunga turubai mvua ikija, anajua mzigo upi usiwekwe chini ya upi. Mzee anapiga chapa huku anaitikia. Kijana aliondoka na ukurasa mzima, akawa anausoma njiani huku anatembea kama ameukuta umedondoka na ni wa mtu mwingine.

"Binti," Mzee akaniambia, "watu wetu hawajui kujisema. Akijisemea mwenyewe atasema yeye ni kibarua tu. Kazi yako ni kuiondoa hiyo 'tu'."

Hayo ndiyo masomo yangu. Taipureta nilijifunza baadaye, na karatasi ya kaboni ya kutolea nakala, na kuacha nafasi pembeni, na kuanza upya ukurasa ukikosea mstari wa mwisho. Mzee hakuruhusu kufuta. Alisema karatasi yenye kufutwa inaonekana imetoka kwenye ugomvi.

Mzee alipofariki niliendelea pale pale. Kompyuta ikaja, ile yenye mgongo mkubwa kama begi la shule, na umeme wa kukatika ukiwa kwenye sentensi tamu. Wapiga chapa wengi wa Ujiji waliacha wakati huo. Mimi nilibaki kwa ubishi. Niliachwa mjane na watoto wadogo, na ubishi ndio uliokuwa umebaki nyumbani.

Kisha ofisi zikaja. Wageni kutoka ng'ambo ya ziwa walipoongezeka, mashirika nayo yaliongezeka, kila nyumba yenye ukuta mrefu pale Mwanga ikawa na geti na mlinzi. Kila mtu akawa anataka CV. Hapo ndipo wizi ukaanza. Mtu anakuja na CV ya jirani yake, anakuambia badilisha jina tu. Kuna mmoja alinakili CV ya mama wa Bangwe kwenye kibanda kingine, akasahau kusoma alichonakili, akaenda kwenye usaili akiwa mwanamume mwenye ndevu na uzoefu wa kuongoza kikundi cha akina mama wanaonyonyesha. Walimwuliza maswali, nasikia alijitahidi.

Basi ndipo akaja Deogratias Muhizi. Namtaja jina lake lote, maana haya hayakufanywa na upepo. Alikuwa afisa ajira wa ile ofisi ya Josephina, kijana wakati huo, shati limechomekwa, kalamu mfukoni. Alikuja kibandani kwangu kwa miguu yake, akaketi, akaniamkia vizuri, akasema, "Bi Tatu, tumechoka na CV za kughushi. Niandikie tangazo la getini. Herufi kubwa."

Akatamka, nikaandika. Maombi yasiyo na picha, sahihi kwenye kila ukurasa na muhuri wa mtendaji wa kata hayatapokelewa. Akaniambia niweke mstari chini ya neno "hayatapokelewa". Nikaweka. Nikalifunika plastiki kwa mashine, pande zote nne, lisiingie maji. Alilibandika mwenyewe getini.

Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu, na ninyi mnaujua kwa sababu mliurithi. Unaandika CV, unaichapa. Unabandika picha ya pasipoti kwenye kona ya kulia. Mwenyewe anaweka sahihi kila ukurasa. Anaipeleka kwa mtendaji, ambaye yuko kwenye kikao. Anarudi kesho, mtendaji yuko kwenye kikao kingine. Akimpata, anagongewa muhuri wa bluu, robo yake juu ya picha na robo tatu juu ya jina. Nilianza pia kuweka mpaka wa mistari miwili ukurasa mzima, na jedwali, miaka kushoto, kazi kulia, ili muhuri upate pa kukaa bila kufunika maneno. Watu walikuja kutoka Simbo mpaka Bangwe wanataka "CV ya kwa Tatu".

Josephina alitoka Simbo kwa mguu mara ya kwanza, mtoto mgongoni. "Mwakeye, dada," akanisalimia, Kiha chake kimetangulia. Nikamuuliza anafanya nini. "Sina kazi, nalima tu." Nikamwambia aanze na asubuhi. Ikatokea kwamba kila mgonjwa wa Kirundi anayeletwa zahanati ya karibu na kwao, yeye huitwa shambani akaseme kwa niaba yake. Hakujua kama hiyo ni kazi. Tuliiandika. Alipoipeleka, Muhizi aliipokea dirishani, akaiinua mbele ya waombaji wengine waliokuja na karatasi zilizokunjamana, akasema, "Hii ndiyo CV. Nendeni mkaone alikoandikiwa." Josephina alipata kazi. Mimi nilipata wateja mpaka nikakosa pa kuwaweka.

Sasa tuje kwenye mashine.

Barua za getini ziliisha, maombi yakawa ya barua pepe. Tukaona sawa: ile CV yenye muhuri unaiskani, unaituma. Wenyewe waliikubali hivyo. Halafu wakaleta mfumo. Unaingia, unajisajili, unaambatanisha CV, na mfumo unasema utajaza wenyewe nafasi za jina, elimu na uzoefu. Nafasi hazijai. Tukadhani mtandao. Bonyeza tuma, inakubali, na hata asante unaambiwa.

Wateja wakaanza kurudi. Dereva amekataliwa. Muuguzi amekataliwa. Mpishi aliyelisha kambi nzima, hana uzoefu wa jikoni. Wote walikataliwa upesi na kwa heshima, kwa maneno yale yale. Niliwaambia ni ushindani, nchi imejaa wasomi. Nani alikuwa ameniambia vingine? Hakuna aliyekuja na kalamu mfukoni safari hii.

Mpaka ikawa Josephina. Yeye alijifungia kwake Simbo, hapokei simu. Nilimfuata na bajaji, nikamkuta anapukuchua mahindi kama anayapiga.

"Twende ofisini kwenu," nikamwambia.

"Si kwetu tena, dada. Hukusoma? Sina uzoefu."

"Vaa viatu."

Mlinzi alimfungulia geti bila kumuuliza, akamwamkia "shikamoo mama mkalimani." Muhizi tulimkuta. Amenenepa, kalamu ameacha, ana simu mbili. Akatukaribisha vizuri sana. Nikamwambia nataka kuona Josephina alipokataliwa. Akasema si yeye, ni mfumo. Nikamwambia basi naomba nimwone huyo mfumo, maana nimefunga kibanda kwa ajili yake. Akacheka, akamwita Kelvin, fundi wa kompyuta aliyeletwa kutoka Dar.

Kelvin hakuwa na tatizo. Aligeuza kioo cha kompyuta, akatuonyesha. Kulikuwa na visanduku. Jina: hakuna. Elimu: hakuna. Lugha: hakuna. Uzoefu: hakuna. Chini kabisa alama yake, sifuri, nyekundu.

Josephina aliinama karibu na kioo. "Huyu ni nani?"

"Ndiye wewe, mama," Kelvin akasema. "Ulituma picha. Mashine haisomi picha. Kwake hiyo ni karatasi nyeupe."

"Si picha," nikasema, "ni CV. Imegongwa muhuri."

"Ikishaskaniwa ni picha, mama. Kama umepiga picha mbuzi. Na hata ingekuwa faili lenyewe, hili jedwali na huu mpaka vingeivuruga, inachanganya miaka na kazi."

Nikamgeukia Muhizi. "Nani alitaka muhuri?"

"Hiyo ilikuwa zamani, Bi Tatu."

"Zamani ipi? Bango lako liko getini. Nimelipita sasa hivi. Limepauka, lakini plastiki yangu ni nzima."

"Ah, lile? Hakuna anayelisoma lile."

"Sisi tunalisoma! Josephina kapanda na kushuka kwa mtendaji kwa ajili ya lile!"

Kelvin akatazama kucha zake. Muhizi akasema mabadiliko yalitangazwa. Wapi? Kwenye mfumo. Nawaachia mpime hilo wenyewe.

Nilimwomba Kelvin anifundishe, naye alinifundisha, Mungu ambariki, nyumbani kwao wamlelee vizuri watoto wake. Nawapa ninyi bila malipo. Msiskani CV. Tumeni faili lenyewe la Word, au PDF iliyotoka humo humo, na mjaribu hivi: pitisheni kishale cha kompyuta juu ya maneno, yakishikika neno kwa neno mashine itasoma, yasiposhikika ni mbuzi. Toeni jedwali, mpaka, maua, safu mbili, picha. Jina na namba ya simu viwe kwenye ukurasa wenyewe, msiviweke kule juu kabisa kwenye kichwa cha ukurasa, mashine nyingine haziangalii kule. Vichwa viwe vya kawaida: Elimu, Uzoefu, Lugha. Tangazo likiwa la Kiingereza, viwe vya Kiingereza. Msiite uzoefu "Safari Yangu ya Kazi" kama nilivyokuwa najifanya. Tarehe ziandikwe kwa namna moja toka mwanzo mpaka mwisho.

Na kubwa zaidi, chukueni tangazo la kazi, mlilaze pembeni, msome wanavyoiita kazi. Wakisema "ukalimani na tafsiri ya mdomo kwa wageni wanaowasili", na mteja wako ameifanya, andika hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeandika "kuwasemea wasiojua lugha". Mtu angeelewa. Mashine inatafuta maneno yake iliyopewa, isipoyakuta inafunga mlango. Lakini msiandike asichokifanya mteja, kwa sababu baada ya mashine kuna usaili, na yule wa ndevu mnamkumbuka. Muulizeni kwanza kama Mzee Rajabu, asubuhi mpaka jioni, ndipo mtafute neno la tangazo linaloingia. Na zile zenye muhuri mziweke pembeni, kwa siku watakapozitaka. Hawa watu hugeuka.

Niliiandika upya CV ya Josephina jioni hiyo. Ilikuwa mbaya kutazama, tupu kama ukuta usiopakwa rangi. Tukaingia kwenye mfumo. Ukasema: umekwisha omba nafasi hii. Tukampigia Muhizi.

"Mfumo hauruhusu mtu mmoja kuomba mara mbili," akasema.

"Basi ruhusu wewe."

"Mimi sina mamlaka juu ya mfumo, Bi Tatu. Kwa kweli nasikitika. Josephina ni kama dada yangu."

Nafasi ikajazwa. Aliyeipata simlaumu, ni binti wa watu, aliomba akapata. Josephina akarudi shambani. Kijana wake akaanza kubaki nyumbani siku za shule kumsaidia, kwanza siku za palizi, baadaye hata zisizo za palizi.

Sikuwa na hamu tena na kile kiti. Nikaamua kufunga, na macho yakaniunga mkono. Josephina alikuja kunisaidia kupakia. Tulikuwa tunafunga printa kwenye shuka la zamani, gari la ofisi likasimama mbele ya kibanda, rangi zake mpya. Akashuka Muhizi mwenyewe, ametoka jasho.

"Josephina! Nimekwenda mpaka Simbo nakutafuta. Boti limefika Kibirizi, lina watu wengi, na yule binti yuko likizo ya ugonjwa. Kuna mama mjamzito anazungumza Kibembe, hali yake si nzuri, hatumwelewi anasema nini. Panda twende."

Josephina aliendelea kufunga kamba kwenye printa mpaka fundo likakaa. Halafu akanyanyuka.

"Kaka Deo, leo nani kanichagua? Mfumo?"

"Jamani, Josephina. Mimi. Nimekuja mwenyewe."

"CV yangu umeiona?"

"Ya nini? Mimi nakujua!"

"Kumbe unanijua," Josephina akasema. Akafunga kanga yake vizuri, akapanda gari, maana aliyekuwa anamsubiri Kibirizi hakuwa Muhizi. Yule mama alifika hospitali. Jioni gari lilimrudisha Josephina, wakamshukuru, na kesho yake akaenda shambani.

Nimeyawaza maneno hayo tangu siku hiyo. Nakujua. Alimjua alipoiacha ile sifuri isipingwe. Alimjua aliposema hana mamlaka. Mashine haikumjua Josephina, sawa, haimjui mtu yeyote, hata Kelvin haimjui. Muhizi alimjua, akakaa nyuma ya mashine kama mtoto nyuma ya mlango.

Kwa hiyo siidai mashine jibu. Nakudai wewe, Deogratias Muhizi, na walio juu yako waliokupa mfumo huo, ambao majina yao unayo na mimi sina. Nani aliamua kwamba muhuri ulioutaka wewe ugeuke kosa letu? Nani aliketi akachagua maneno ambayo mashine itatafuta, na alimuuliza nani huku Kigoma tunaiitaje kazi? Yule dereva, yule muuguzi, yule mpishi, na wengine waliopita kwenye vibanda vyetu vyote, nani amefungua faili zao akazitazama kwa macho ya mtu?

Ulikuja kwangu kwa miguu kuandikisha bango lile. Njoo kwa miguu tena. Lingoe kwa mkono wako, mchana, getini, Josephina akiwa amesimama hapo, na umwambie mbele ya watu kwa nini hakupata kazi yake. Nililifunika plastiki vizuri, halitang'oka lenyewe.